Kukoroma si Kichekesho: Barakoa ya Usingizi na Mfungaji

(Maneno haya yalisemwa Lodwar baada ya swala ya Alasiri, kisha yakarudiwa Kakuma, ambako yaliongezwa sehemu ya stima na betri. Yamepunguzwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila Ramadhani tunasikia mawaidha juu ya chakula. Tusijaze matumbo wakati wa futari, tusiache daku, mwenye kisukari amwone daktari mapema. Hayo ni mema. Lakini usingizi hatuugusi, na huu ndio mwezi ambao usingizi wetu unakatwa vipande vipande: kipande baada ya tarawehe, kipande baada ya Alfajiri, na kipande kidogo cha mchana joto likizidi. Leo nataka kumzungumzia mtu ambaye usingizi wake umekatika vipande mwaka mzima, si Ramadhani peke yake, na barakoa anayopewa hospitalini alale nayo. Huenda wengine mtasema huyu kijana ametuletea mambo ya Nairobi. Nistahimilieni.

Katika Suratun Nabaa Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba usingizi ameufanya kuwa mapumziko yetu, na katika Suratur Rum anautaja miongoni mwa ishara zake. Basi mtu anayelala usiku kucha akaamka amechoka kuliko alivyolala, huyo ana neema iliyomponyoka. Si mvivu. Tumezoea kumwita mvivu.

Tuelezane kwanza ugonjwa wenyewe. Ukilala, misuli yako yote inalegea, na ya koo vilevile. Kwa watu wengine koo hulegea mpaka likajifunga. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Zinapita sekunde 10, au 20, na wakati mwingine hata dakika nzima. Oksijeni ndani ya damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anaamka nusu, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, halafu anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki chochote. Wataalamu wanaita apnia ya usingizi. Hali hii ikitokea mara 5 mpaka 15 kwa saa moja wanasema ni hafifu, 15 mpaka 30 ni ya wastani, na kupita 30 ni kali. Piga hesabu mwenyewe: mtu wa mara 40 kwa saa, akilala kwa muda wa saa saba, ameamshwa mara 280 kwa usiku mmoja. Huyo akisinzia katika rakaa ya nne ya tarawehe tunamcheka.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 mpaka 69, wanao kwa kiasi fulani. Wengi hawajui. Wanene wanapatwa zaidi, hiyo ni kweli, lakini wapo wembamba wenye taya dogo au koo lililobana kwa maumbile, na wapo watoto wenye mafindofindo makubwa. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, na darasani hatulii, apelekwe hospitali akaangaliwe koo. Na tafadhali, asipelekwe kukatwa kimio. Najua jambo hili linafanyika kwetu huku Turkana, na hata kwa ndugu zetu waliotoka nchi za jirani, na najua wanaolifanya wana nia njema. Lakini kwembe lile limewatoa watoto damu mpaka wengine wakafariki, na koo lililokuwa likijifunga linaendelea kujifunga.

Kuna na hili la jinamizi. Mtu anaamka usiku amekabwa, anahema, moyo unamwenda mbio, nyumba nzima inasema amekaliwa na jinamizi. Mimi nimesoma madrasa, siwezi kukanusha majini, yametajwa ndani ya Qur'ani. Ninachosema ni kwamba anayekabwa kila usiku, na mkewe anasikia akikoroma, ananyamaza kimya, kisha anagutuka kwa kishindo, huyo asomewe Ayatul Kursiy na vilevile apelekwe hospitali. Mabedui walimwuliza Mtume (SAW) kama watafute matibabu, akawaamuru watafute. Kisomo na dawa havijawahi kugombana.

Nyumbani kwetu jambo hili limeingia kupitia kwa ami yangu. Yeye ni dereva wa lori, anabeba bidhaa kutoka Kitale kuja Lodwar na kuendelea Kakuma. Kwa miaka mingi alijulikana kwa vitu viwili: ukarimu wake, na kukoroma ambako watoto walikuwa wakikuigiza. Barabara ilipokuwa mbovu, mashimo yalimweka macho. Lami ilipokuja, gari likawa linateleza, na dereva mwenye usingizi hana tena shimo la kumwamsha. Siku moja adhuhuri, katika nyika iliyoko kati ya Lodwar na Kakuma, utingo wake alimpiga bega na kushika usukani. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshatoka nje ya lami. Hapakuwa na mtu wala mnyama pembeni, alhamdulillahi. Ami alisimamisha gari, akateremka, akaketi chini ya mkunga. Alipoinuka alikuwa ameamua kumwona daktari.

Hospitalini walimpima presha, ikawa juu pamoja na vidonge alivyokuwa akimeza. Walimpima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Wakamwuliza: unakoroma? Unachoka mchana? Kuna mtu amekuona ukiacha kupumua? Una presha? Maswali mepesi, na mtu yeyote hapa anaweza kuulizana na mwenzake akifika nyumbani. Akaelekezwa Nairobi, akalala usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, na kitu kama kibanio cha nguo kidoleni cha kupimia oksijeni. Majibu yalikuwa zaidi ya mara 40 kwa saa. Akarudi na begi dogo, ndani yake mna mashine, mpira wa hewa na barakoa.

Mashine hii wanaiita sipapu, na kazi yake ni ndogo sana ukiielewa. Inavuta hewa ya chumbani, hii hii tunayopumua, inaisukuma kupitia mpira mpaka puani, na msukumo ule unalizuia koo lisijifunge. Haina dawa. Haina hata mtungi wa oksijeni. Aliyeibuni ni daktari wa Australia aitwaye Colin Sullivan, pale Sydney, mwaka 1980, akatoa habari zake mwaka 1981 kwa wagonjwa watano. Kabla ya hapo mwenye apnia kali alitobolewa tundu shingoni ili apumulie hapo akilala. Nawaambia haya ili anayeona barakoa ni mateso ajue walioitangulia walipewa nini.

Sasa tufike penyewe. Mashine ipo, daktari amesema lala nayo kila usiku. Je, inalalika?

Usiku wa kwanza ami alikaa nayo kama dakika 20. Akaivua, akasema nimefungwa kama ndama anayeachishwa ziwa. Usiku wa pili akaivua akiwa usingizini, wala hakujua, tukaikuta asubuhi chini ya kitanda ikipuliza vumbi. Usiku wa tatu hakuivaa. Na hapa ndipo wengi wanapoishia. Mashine ya pesa nyingi, kwa sababu Nairobi huuzwa makumi ya maelfu ya shilingi na nyingine kupita laki, inawekwa juu ya kabati, na mwenyewe anarudi kwenye kukoroma kwake.

Aliyetutoa hapo ni nyanya yangu, ambaye hajasoma hata darasa moja la shule. Alimwambia ami: wewe ulipokuwa mtoto ulianzaje kufunga? Nyote mnajua tulivyoanza. Hakuna aliyefunga siku 30 mara moja. Tulifunga mpaka adhuhuri, tukala, tukajisifu kwamba tumefunga. Mwaka uliofuata mpaka alasiri. Kisha siku moja nzima, na mama akatupikia kitu kizuri. Mwili ulifundishwa kwa saa. Basi nyanya akasema, na hiyo nayo ifunge nusu siku.

Na kumbe ndivyo wataalamu wanavyoelekeza. Unaanza mchana, ukiwa macho, umeketi. Unaishika barakoa kwa mkono puani bila kufunga mikanda, mashine inapuliza, unavuta pumzi kumi, unaiondoa. Kesho dakika tano. Kisha unafunga mikanda ukiwa bado umeketi, labda baada ya Alasiri, unaleta tasbihi kimoyomoyo kwa dakika 15 au 20. Kisha unajinyoosha nayo bila kulazimisha usingizi. Halafu ndio usiku, na usiku wenyewe unaanza na kipande cha kwanza tu. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza polepole: hewa inaanza na msukumo mdogo, inapanda kidogo kidogo ukiwa umeshasinzia. Ami alifika saa mbili, kisha tatu, kisha nne. Madaktari wengi huhesabu saa nne kwa usiku kuwa kima cha chini cha mtu kuitwa anaitumia. Ilimchukua kama wiki sita kulala nayo usiku mzima. Wengine huwachukua siku tatu, wengine miezi. Tusipimane.

Kuna mambo madogo madogo ambayo ndiyo yanayowashinda watu, na hayaandikwi kwenye karatasi za mashine kwa sababu walioziandika hawajalala Lodwar. La kwanza ni joto. Uso ukitoka jasho barakoa inateleza, hewa inavuja na kupiga macho. Mtu anakaza mikanda. Usikaze. Ikikazwa mno inajikunja na kuvuja zaidi, na asubuhi unakwenda msikitini na mistari usoni kama umepigwa bakora. Oga kabla ya kulala, futa uso ukauke, ilegeze, ivute mbele kidogo ijikalie yenyewe. Halafu vumbi. Upepo wetu wa jioni mnaujua. Nyuma ya mashine kuna kichujio kidogo, huko kwa wenzetu wanakiangalia mara moja kwa mwezi, sisi tukiangalie kila wiki. Na wengi wetu tunalala nje uani. Inawezekana: mashine juu ya kigoda, si mchangani, na mpira unapita chini ya neti ukiwa umebanwa na godoro ili mbu wasipate mlango.

Ndevu nazo. Ndevu ni sunna na sitamwambia mtu anyoe. Barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo haishiki vizuri juu ya ndevu. Iko aina nyingine ndogo, ina vijisponji viwili laini vya mpira vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu, ndevu hazihusiki. Ami anatumia hiyo. Mwenye kulala mdomo wazi huongezewa mkanda wa kidevu. Mzee mmoja wa Kiturkana aliniuliza kama ataweza kulala nayo na ekicholong yake chini ya kichwa. Nikamwambia atafute ile ambayo mpira wake unatokea utosini, shavu libaki huru. Akacheka, akasema basi hata wazungu wamefikiria. Akina mama wanaolala mahali penye watu wanaweza kujifunga kitambaa chepesi cha pamba kwanza, mikanda ikapita juu yake. Nywele zinasitirika na mikanda haichubui.

Maji pia. Baadhi ya mashine zina kitangi cha maji cha kulainisha hewa ili pua isikauke. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na kuyachemsha hakuitoi, kunayaongezea tu. Yanayotakiwa ni maji yaliyotokana na mvuke, yanapatikana duka la dawa. Msitie maji ya betri ya gereji. Mengine yanayoitwa hivyo ni tindikali, na hiyo utaipumua mpaka mapafuni.

Usiku wa kwanza ami alipolala nayo moja kwa moja, aliyeshtuka ni mkewe. Aliamka kukawa kimya. Miaka 22 hakuwahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Akaweka mkono kifuani mwa mumewe aone kama yu hai.

Sasa Ramadhani. Masuala niliyoulizwa sana ni haya ya fiqhi, nami si mufti, nimewauliza walimu wangu. Je, hewa ya mashine inafunguza? Mwaka 1997, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10 huko Jidda ilitoa azimio namba 93 juu ya mambo ya tiba na saumu, na miongoni mwa yasiyofunguza ikataja gesi ya oksijeni. Sasa ikiwa oksijeni ya mtungi haifunguzi, hewa ya chumbani ina neno gani? Tuliosoma fiqhi ya Kishafi tunajua kwamba kinachofunguza ni kitu chenye mwili kinachoingizwa kwa makusudi ndani ya tundu lililo wazi, na upepo hauhesabiwi kitu chenye mwili. Kilichobaki ni kile kitangi cha maji, kwa sababu mvuke ukipoa ndani ya mpira unaweza kuwa matone. Hapo mwalimu wangu alisema afanye la salama: kitangi kitumike kabla ya Alfajiri, na usingizi wa baada ya Alfajiri alale na hewa kavu. Ami anafanya hivyo. Asubuhi pua inakauka kidogo, anasukutua na kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, bila kuzidisha kwa kuwa amefunga.

Na huu usingizi wa baada ya Alfajiri ndio nataka muushike. Mtu anavaa barakoa akitoka tarawehe, anaivua kula daku, anaswali Alfajiri, kisha anajitupa kitandani bila barakoa kwa kuwa ni kausingizi tu. Usingizi wa mwisho wa usiku na wa alfajiri ndio wenye ndoto nyingi, na wakati wa ndoto misuli inalegea kupita wakati wote. Kwa watu wengi koo hujifunga zaidi saa hizo. Yaani ameivaa pale penye nafuu, ameivua pale penye hatari. Hata kailula ya adhuhuri inataka barakoa. Asiyeweza kuivaa mahali alipo, basi angalau alale kwa ubavu. Mtume (SAW) alimfundisha Al-Bara bin Azib kulala kwa ubavu wa kulia, na wataalamu wa usingizi wanasema kulala chali ndiko kunakoliangusha koo kwa wagonjwa wengi. Siwaambii sunna hiyo ilikuja kwa ajili ya apnia. Nawaambia mwenye apnia ana sababu ya ziada ya kuishika.

Ami aliponuia itikafu kumi la mwisho, alikuja na begi lake. Katika msikiti huo, ambao sitautaja, wako waliosema mashine itawasumbua watu na stima ya waqfu si ya kazi hiyo. Mimi nilikuwepo. Mlio wa mashine hii ni mdogo kuliko wa feni, na stima inayokula bila kitangi ni kama taa moja ya zamani. Bila mashine angekoroma safu nzima isilale. Imamu alikuja, akatega sikio, akaonyesha soketi iliyo karibu na nguzo ya nyuma, akasema weka hapo. Nadhani kila msikiti ungekuwa na jibu hilo tayari kabla mgonjwa hajaja kusimama mlangoni na begi lake, kwa sababu ami ana ulimi wa kujitetea, wapo wasiokuwa nao. Watarudi nyumbani kimya na itikafu waiache.

Wengine wanasema kuhangaika hivi na usingizi ni udhaifu, mwema ni anayekesha. Mnakijua kisa cha Salman Al-Farisi na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awaridhie. Abu Dardaa alitaka kusimama usiku wote, Salman akamwambia lala. Akataka tena kusimama, akamwambia lala. Ilipofika mwisho wa usiku ndipo akamwambia sasa inuka, wakaswali pamoja. Akamwambia kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na ahli yake ina haki. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alimsadiki Salman. Ami zamani alikuwa akikesha na kusinzia hajui amesoma rakaa ngapi. Siku hizi analala mpaka theluthi ya mwisho, anainuka peke yake bila kuitwa.

Kwa ndugu zetu wa Kakuma na Kalobeyei, najua swali lenu kabla hamjauliza. Stima. Wengine hawana kabisa, wengine wanayo ya sola au ya jenereta ya jirani inayozimwa usiku. Tupige hesabu. Mashine bila kitangi cha maji inakula kama wati 30 mpaka 60, kulingana na msukumo. Tuchukue 40 kwa muda wa saa nane: 320. Betri ya volti 12 ya ampea 100 ina kama 1,200 ndani yake, na betri ya kawaida isiteremshwe kupita nusu, kwa hiyo una 600. Inatosha usiku mmoja na ziada. Paneli ya wati 100 au 150 kwa jua letu hili itairudishia mchana. Jua tunalolilalamikia ndilo litakaloendesha pumzi yako usiku. Nunua waya wa kuunganisha mashine na betri moja kwa moja, uwe wa aina ile ile ya mashine, kwa sababu nyingine zinataka volti 24. Ukipitia inveta utapoteza sehemu ya moto njiani. Kitangi cha maji kina hita, kinakula sana, kwenye betri kiache. Na betri ikae mahali penye hewa, si chini ya kitanda ndani ya chumba cha mabati.

Najua pia kwamba wengi wenu mna jamaa Marekani, Kanada na Australia, na mashine zinakuja kwenye mizigo, zimetumika. Mwenye kutuma ametuma kwa mapenzi, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini mashine inakuja na kipimo cha mwenyewe. Koo lako si koo la binamu yako wa Minneapolis. Msukumo ukiwa mdogo haufungui koo, ukizidi unameza hewa tumbo likajaa. Ipeleke kwa daktari aiweke upya. Barakoa na mpira na kichujio tafuta vipya. Na tazama jina na namba chini yake: mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kuchakaa na kutoa chembechembe zikaingia kwenye hewa ya mgonjwa. Mashine kama hiyo ikiletwa kwenye sanduku hapa Kakuma haitakuambia kitu.

Wasioweza kununua wala kutumiwa, wapo wengi. Hao ni mafukara wa Qur'ani, na zaka tunayokusanya mwezi huu ina haki yao. Tumezoea kutoa unga na tende, na nguo za Idi. Naomba kamati za misikiti zimwulize daktari pia ni nani anayengoja mashine.

Vijana, ninyi ndio mnaolala chumba kimoja na baba zenu na babu zenu mkienda likizo. Usiku wa leo msimwamshe anayekoroma. Msikilizeni. Akinyamaza, hesabuni: moja, mbili, tatu. Mkifika kumi na bado kimya, andikeni saa, na asubuhi mwambieni kwa adabu. Mkiweza rekodini kwa simu, kwa ruhusa yake, mumpelekee daktari asikie. Msiiweke kwenye magrupu mkacheka.

Mashine ya ami iko hapa juu ya meza, ametuazima mpaka Magharibi. Barakoa ni nyingine mpya, tutaifuta kwa kila mtu. Anayetaka kujua inavyopuliza aje aishike puani, pumzi kumi tu. Akina mama watakuwa upande wa kulia na dada zetu wauguzi. Ami mwenyewe yuko mlangoni kwa mwenye swali, ila anaondoka baada ya futari, ana safari ya Kitale.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.